Milango ya ghorofani ilifanana yote, mama akapotea kwake

Wakuu, salaam. Hili sijapata kuliandika popote. Nitalieleza kama lilivyokuwa, bila chumvi.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nyumba yetu ya udongo, mtaani Ng'ambo, ilibomolewa. Tukapewa flat ghorofa ya pili. Umeme, maji ya bomba. Tulifurahi, nisiseme uongo.

Mama alikuwa ameshaanza kusahau. Siku hizi mnaita dementia, sisi tulisema uzee tu.

Kule zamani alipita kwa kupapasa: baraza, ukuta, mpaka uani kisimani. Huku hakuna baraza wala uani, na milango yote rangi moja.

Basi akawa anaingia kwa jirani yetu, Bi Saada, mpaka jikoni, akimkuta anapika anamfokea:

"We mwanamke, nani kakuruhusu upike kwangu?"

"Mwanao kanioa, mama. Kwani hukualikwa?"

"Akuoe wewe? Na mchuzi wenyewe huu?"

Bi Saada anacheka, kisha anamleta kwetu. Mungu amrehemu.

Nikatundika kanga kuukuu ya mama mlangoni kwetu, kama pazia. Akipanda ngazi anaishika, anaingia. Akaacha kupotea.

Siku moja, mimi niko kazini, mjumbe wa jengo akaiondoa. Wageni walikuwa wanakuja kutazama majengo, akataka milango yote iwe sawa.

Mama alikuwa chini anaota jua. Alipopanda, hakupaona kwake. Watu karibu wote, hata mke wangu na Bi Saada, walikuwa wameitwa kuwapokea wageni.

Tulimkuta alasiri kwenye kiwanja cha nyumba yetu ya zamani. Pamebaki kifusi. Amechutama pale palipokuwa na kisima, anajipaka vumbi mikononi kama anayetawadha.

"Mama, twende nyumbani."

"Si nipo nyumbani, baba? Kisima tu ndio wamekihamisha."

Kanga tuliirudisha. Hakuijua tena. Flat ikawa kwake nyumba ya watu. Akila, anashukuru kama mgeni, kisha ananiuliza kwa sauti ndogo, "Wenyewe hawajatuchoka?"

Alifia humo, ananiomba nimrudishe kwao.

Nilichojifunza ni hiki: nyumba nzuri haitoshi kama mwenyewe haitambui. Mlango mmoja ukipakwa rangi yake, au pakiwekwa kibaraza chini, jengo haliharibiki.

Kama humu kuna wachora ramani za majengo, semeni neno.

Na nyinyi mliouguza wazazi wa namna hii, walifariki wakijua wako kwao?