Boga la Kumfundisha Mbwa

Mbwa wa fundi cherehani alikuwa na tumbo la kudeka. Biskuti za dukani zilimharisha. Ini la kukaanga likamfanya achafue mpaka chini ya meza ya kukatia nguo. Fundi, mwanamke asiyekubali kushindwa, akachemsha boga bila chumvi wala mafuta, akalikata vipande vidogo kama vifungo, akavitia kwenye mfuko wa aproni viwe zawadi ya mbwa kila atakapotii. Tumbo likatulia, mafunzo yakaanza.

“Kaa!” alimwambia kutwa nzima. Mbwa akamtumbulia macho tu.

Wateja nao hawakwisha mlangoni. “Njoo kesho, dada.” “Kesho, kaka, bado vifungo tu.” Mbwa alizoea kuwabwekea, kwa hiyo kila fundi aliposema “njoo kesho” alimrushia kipande cha boga anyamaze.

Siku moja akaja jirani yake, aliyeahidiwa gauni tangu mwezi uliopita.

“Jirani, njoo kesho.”

Mbwa akakaa kitako papo hapo, macho kwenye mfuko.

“Amekaa!” fundi akapiga vigelegele. “Jamani, amekaa!”

Jirani akavuta kigoda, akaketi kando ya mbwa.

“Na mimi nimekaa, fundi. Ila mimi sitaki boga, nataka gauni langu.”