Walitupa Nyumba

Kuna siku moja, mwanangu Kalala, ambayo nikiikumbuka hata bukari, ugali wetu, nauacha sahanini. Usinikatize. Jana ulikuja na rafiki zako wenye kamba ya kupimia, mkapima salon yangu, hii sebule, mkaweka alama ya mkaa sakafuni mahali pa kuanzia shimo la kuchimba madini, mi nikawapisha. Leo nasema mimi.

Nilikuwa msichana wa hapahapa Kapata, kambi ya wafanyakazi wa mgodi, katika nyumba hii hii, wakati kampuni ya mgodi ingali inatupakia chokaa ukutani na kutugawia unga. Sisi mabinti wa wafanyakazi tulikuwa tunaenda fwaye, ile nyumba ya misheni, kufundishwa kushona na kupika. Mwalimu wetu alikuwa mzungu wa Amerika, mama wa makamo asiyeolewa, ndiyo maana tulimwita Mamzele. Kiswahili chetu alikijua, ila alikitamka kama mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni.

Na mimi, Kalala, nilikuwa na ugonjwa wa Amerika, we acha tu! Niliona katika kalenda mji wao mmoja, majumba yanagusa mawingu na taa kila dirisha. Tangu siku hiyo Kapata ikanichosha. Nyumba zote sura moja, mistari mistari, mlevi akirudi anaingia kwa jirani. Mtu akiniuliza natoka wapi, nilikuwa nasema Kolwezi mjini, nafungia hapo.

Basi siku hiyo tulikuwa tunakata kitambaa cheusi cha sketi. Nikasema, "Mamzele, utuelezee muji ya kwenu." Akachukua chaki ya kushonea, akachora kilima juu ya kile kitambaa. Akasema mji wake unaitwa Butte, uko kwenye milima, nchi ya baridi kali. Hapo mwanzo palikuwa na mahema tu, ya watu waliofuata dhahabu. Baada ya dhahabu wakapata madini ya fedha, na chini yake wakakuta shaba, wakati ambapo dunia nzima ilikuwa inaililia shaba kwa ajili ya nyaya za umeme. Watu wakaja kutoka kila pembe, Waairishi, Wafini, Waitaliano, Wachina, kila kabila na mtaa wake na kanisa lake.

"Sawa vile huku!" nikaruka. "Bakasai huku, Balunda kule, Babemba kule!"

Akacheka, akasema ndiyo, na babake alikuwa anashuka chini ya ardhi kama baba yangu. Akachora mnara wa mgodi nyuma ya shule. Akachora bustani ya maua ambako watoto walikuwa wanapelekwa kubembea, kisha nyumba yao, yenye mlango wa kijani. Ule mji aliuchora kwa mapendo, mwanangu, tukasahau mikasi.

Halafu akasema, kampuni ikaona mashimo membamba yanachelewesha kazi, ikaanza kufungua ardhi kutoka juu. Akachora duara dogo pembeni. Likawa kubwa. Mtaa wa Waitaliano ukaingia shimoni, akaufuta kwa kiganja. Shule ikaingia, bustani ikaingia, na ile nyumba ya mlango wa kijani pia. Mwisho wake shaba ikashuka bei, pampu zikazimwa, maji yakaanza kupanda mule ndani, maji ya sumu yasiyofaa hata kwa ndege. Kwenye kitambaa likabaki vumbi jeupe.

Mimi na kichwa changu cha kalenda nikauliza, "Lakini kampuni haikubapatia manyumba ingine?"

"Balitupa nyumba," akasema.

Wasichana wakaangua kicheko. Nikamchokoza: "Mamzele, balitupa ni kupatia ao ni kutupa?"

Hakucheka. Akaniangalia mpaka nikainamisha macho.

"Ngalula, ni yote mbili. Balitupatia nyumba, na balitupa kwetu. Mi niko mutu mukubwa sasa, ningali naota niko natoka masomo, narudia ku nyumba. Nafika pa kukata kona, njia inaisha. We uko na kwenu, unasikia haya juu yake? Koma!"

Lile "koma" lilinichoma. Nilirudi nyumbani nikamkuta bibi yako anapepea mbabula, jiko la makaa, mlangoni, moshi umemjaa machoni, nikamwangalia kama mtu aliyetoka safari ndefu. Tangu hapo Kapata sikuionea haya tena. Hata ile miaka wakubwa wa hapa walipotuambia sisi watu wa Kasai, walikotoka babu zetu, turudi kwetu, Kasai ambayo mimi sijapata kuiona kwa macho, mama wa Kilunda wa jirani alitulaza kwake, akawaambia waliokuja kutufukuza, "Hawa kwabo ni hapa."

Mama yule hayupo. Nyumba yake wachimbaji wamechimba chumbani, wameifunika kwa turubai, ukuta umepasuka kutoka dirishani hadi chini. Mvua ya juzi iliwafukia humo vijana wawili, watoto wa mbali, hata mama zao hatujui tuwaambie vipi. Namkumbuka yule mama, Kalala. Namkumbuka mpaka naita jina lake nikiwa napeta mchele, halafu kinachonijibu ni sururu.

Na wewe jana ukaniambia, tena unatabasamu, "Mama, usiogope, batatupa nyumba ingine." Maskini, hukujua umesema nini.

Najua mkono mtupu haulambwi. Najua mke wako ana mimba na wewe kazi huna. Lakini tamaa mbele, mauti nyuma. Sikukatazi jasho. Nenda Dilolo ukafanye biashara ya mpakani kama wenzako, au nenda kwa mjomba wako Sandoa ukalime mahindi, ukirudi utanikuta. Nasaha yangu ni hii: mtu achimbe anapofanyia kazi, asichimbe anapolala. Nyumba mpya utapewa na yeyote mwenye haraka na udongo wako. Kwenu hakuna wa kukurudishia, hata akitaka.

Juu ya ile alama yenu ya mkaa nimetandika mkeka wangu, na ndipo nilipokaa sasa. Wakija, siwapigi kelele. Wa kuniinua hapa ni wewe, mtoto wa tumbo langu, kwa mikono yako.

Mungu wa baba zako akufungulie riziki ambayo haili sakafu ya mama. Huyo mtoto anayekuja azaliwe salama. Siku atakapoulizwa kwao ni wapi, anyooshe kidole, na kidole kikute nyumba. Amina.

Nawasikia rafiki zako mlangoni. Nenda ukawajibu.