Nilimwamuru Mara Tatu

Nimekuwa askari wa jela ya wanawake miaka thelathini na minne, na nalisema hili mapema ili tusije tukasumbuana mbele: mimi napiga. Nimepiga watu kwa rungu, kwa mkanda, kwa kiganja, na siku moja kwa sahani ya bati ikiwa na uji wake.

Mume wangu naye alikuwa mpigaji, ila yeye alipiga magari. Alikuwa fundi wa kunyoosha bodi. Gari ikigongwa ubavu inapelekwa kwake, anaitwanga kwa nyundo mpaka inasahau kama iliwahi kupata ajali. Mtaa mzima unamwita Nyundo. Mimi ananiita Afande, hata chumbani.

Tulistaafu mwezi mmoja. Miaka yote hiyo tulikuwa tunapishana mlangoni, mimi natoka zamu, yeye anakwenda gereji. Maneno yalikuwa yamenijaa kifuani, na nilimtaka mtu mmoja tu wa kuyasikiliza. Kati ya hayo lilikuwamo moja ambalo sikuwahi kumwambia mtu. Wiki ya kwanza tu, tumekaa sebuleni, nikalitoa.

Nilimweleza kuhusu mfungwa mmoja, mama wa makamo, aliyegoma kusimama wakati wa kuhesabiwa. Siku hiyo nilikuwa nimeamka vibaya. Nilimpiga mara moja, akanicheka. Nikampiga tena, na tena, mpaka akaacha kucheka, na jicho lake la kushoto halikuona tena. Kwenye ripoti niliandika kwamba aliteleza bafuni. Wenzangu wakatia sahihi.

Yote hayo niliyasema nikitazama sakafu. Nilipoinua macho, mume wangu aliitikia kwa kichwa, akanipigapiga mkono. "Ndiyo, Afande," akasema. "Ndiyo." Nikalia mpaka kamasi. Kumbe mtu anaweza kuambiwa jambo kama lile na bado akakushika mkono! Wiki ile nililala usingizi ambao sikuwahi kuulala tangu nivae gwanda.

Mwezi wa pili ndipo uharibifu ulipoanza. Kila asubuhi nilikuwa nakwenda zahanati kufanya mazoezi ya magoti. Jumatatu nikirudi, nakuta sufuria yangu kubwa imebonyezwa ubavu mzima. Jumatano, beseni la bati. Ijumaa, jamani, mlango wa friji! Hakuna kilichoibwa hata kijiko. Mume wangu anakichukua kile kilichopondwa, anakaa nacho uani, anakinyoosha taratibu mpaka kinakuwa kizuri kuliko kilivyotoka dukani.

"Nani anatufanyia hivi?" nikamuuliza siku moja, nimemgeuzia mgongo naosha vyombo.

"Ndiyo, Afande," akanijibu nilipogeuka kumtazama.

Nikaona huyu naye ustaafu umemlegeza. Nikaanza upelelezi peke yangu. Mtuhumiwa alikuwa kinyozi, maana kibanda chake kinatazamana na mlango wetu, na saa zile huwa hana mteja. Nikamfuata, nikamkaba shingo, nikambana kwenye kioo chake mpaka kioo kikapasuka.

"Sema!"

"Mama, sijui kitu! Kelele za nyundo nazisikia kila ukitoka, lakini zinatoka ndani kwako!"

"Ndani kwangu yumo mume wangu tu!"

"Basi ndiyo hivyo, mama!"

Nikaona ananifanyia dharau. Nikamzaba kofi, damu ikamtoka puani ikachuruzika juu ya shuka jeupe la wateja. Hata mkono hakuuinua. Leo nikikumbuka naona aibu, ila siku ile nilitoka pale najisikia msichana.

Kesho yake nilijifanya nakwenda mazoezi. Nikazunguka, nikaingia kwa mlango wa uani, nikachukua rungu langu. Nilipostaafu nilirudisha gwanda, buti na kofia. Rungu nilisahau, tuseme hivyo. Nikasikia twa! twa! kutoka stoo. Nikachungulia. Mle ndani mna giza hata mchana, lakini nilimwona: pande la mtu, amenipa mgongo, amevaa ovaroli, ameinua nyundo juu ya birika langu.

Sheria inasema uamuru mara tatu. Nikaamuru. "Simama!" Akapiga birika. "Tupa silaha!" Akapiga tena. "Mikono kichwani!" Akainua nyundo mara ya tatu, kama vile anayepiga kelele ni inzi. Damu ikanichemka. Nikampiga nyuma ya sikio, pale pale tulipofundishwa.

Akaanguka kifudifudi juu ya birika. Nilipomgeuza ili nimwongeze la pili, nikakuta ni mume wangu, ndani ya lile ovaroli lake la gereji nililodhani nimelitupa jalalani. Damu ilikuwa inamwagika mpaka kwenye viatu vyangu. Nilipiga ukunga ambao kinyozi aliusikia akaja mbio, na uvimbe wake wa pua, akanisaidia kumbeba. Hakuniuliza swali hata moja.

Hospitali wakamshona nyuzi kumi na moja. Daktari akasimama nyuma ya kitanda akamwita, akapiga makofi, akagonga trei kwa mkasi. Mume wangu anaangalia dirisha tu.

"Hii si ya leo," daktari akaniambia. "Huyu hasikii miaka mingi. Anasoma midomo."

Na mimi kupayuka kwake nilikuwa nadhani ni tabia ya mafundi wote wa gereji.

Tuliporudi nyumbani nilimkalisha sebuleni, nikakaa mbele yake, uso kwa uso. "Kwa nini unaponda vitu vyangu?"

"Ili nivinyooshe," akasema. "Nikipiga bati naisikia, inapanda mkononi. Siku hizi hakuna kingine kinachonifikia. Na wewe ulikuwa unasubiri tuongee, Afande. Ningekuambiaje?"

"Siku ile niliyolia. Ulisikia nilichosema?"

"Nilikuona unalia. Nilidhani ni uchungu wa kuacha kazi."

Nilitamani sakafu ipasuke inimeze. Ningeweza kunyamaza. Mtu aliyenisamehe alikuwa hajui amesamehe nini, na hakuna ambaye angenidai zaidi. Lakini usingizi ule nilikuwa nimeuiba, na sasa nilijua.

Nikalisema upya. Nilipaza sauti, ingawa alikuwa ananitazama midomo, neno kwa neno, dirisha wazi, mpaka mashine ya kinyozi ikazimwa kule ng'ambo. Kugoma kusimama. Kicheko. Jicho. Bafu ambamo hakuteleza.

Safari hii hakunipigapiga mkono. Aliuondoa wake, akauweka gotini.

"Yuko hai?"

"Yuko hai."

"Yuko wapi?"

Swali hilo nililiogopa kuliko yote. "Anauza mkaa nyuma ya zahanati," nikasema. "Kila asubuhi nazunguka njia ndefu nisimpite."

Alinyanyuka, bandeji imemfunika nusu ya kichwa. Akajishikilia ukutani mpaka kizunguzungu kikamwisha.

"Vaa viatu," akasema.

Nikavaa. Tukatoka, tukapita njia fupi.