Sura Tatu Alizozitunza Mzee Ebeneza

Baba mkubwa Ebeneza alipofuka macho alikuwa amepogolea misonobari ya kijijini kwetu Kifanya zaidi ya miaka thelathini. Alipenda kusoma mno, hata kipande cha gazeti kilichofungiwa maandazi hakikumpita. Kukosa kusoma kulimuuma kuliko kukosa kuona njia.

Binti yake Rejoice alikuwa Dar es Salaam, kazi yake kusoma vitabu kwenye kipaza sauti ili watu wavisikilize. Krismasi alimletea baba yake kimashine cha muziki cha kutia mfukoni, ndani yake riwaya ya sura kumi na tisa aliyoisoma mwenyewe. Kaisoma yeye, lakini ilibidi ainunue kama mteja yeyote, tena ina kufuli: kila miezi sita kimashine kiunganishwe na simu ya mnunuzi, la sivyo kitabu kinajifunga. Mimi kufuli hilo liliniudhi. Rejoice alicheka tu, akasema Juni atakuja kukiunganisha.

Mzee alisikiliza sura moja kila Jumapili akitoka ibadani. Siku moja Rejoice alimtania kwenye simu, “Baba, nikuambie inavyoisha?”

“Nyamaza, mwanangu. Nitafika mwenyewe.”

Baada ya Pasaka Rejoice akaugua malaria, siku nne tu, akatutoka. Tukamzika Kifanya. Zilibaki sura tatu, na mzee hakuzigusa.

“Zikiisha hizi,” aliniambia, “hana tena neno jipya la kunipa.”

Siku ya kumaliza msiba ukoo ulikaa kugawa vitu vya marehemu, kama desturi yetu. Simu ikaenda kwa mdogo wake, Justine. Mzee akaniita, kwa kuwa nina kibanda cha kutengeneza simu Makambako.

“Ida, ifute kwanza. Siri za marehemu hazichunguliwi.”

Nikaifuta yote, na laini nikaivunja. Nilijiona nimemsitiri dada yangu. Lile kufuli halikunijia kichwani kabisa, na mimi ndiye fundi!

Julai, baridi ikiwa kali, Justine alimleta mzee kibandani kwangu. Kumbe siku hiyo Rejoice angetimiza miaka thelathini, na mzee alikuwa ameamua kusikiliza sura moja.

“Kamwene, mwanangu,” alinisalimu kwa Kibena. “Kimashine kimekuwa bubu.”

Nilikiwasha. Kibali kimekwisha, kiliandika, tumia simu ya mnunuzi. Nikahangaika nacho hadi mchana. Kununua upya hakukuwezekana, kitabu kilishaondolewa sokoni. Nikawapigia wenye kampuni iliyokiuza. Dada mmoja mpole akanieleza kwamba mwenye akaunti aombe mwenyewe, kwa namba yake. Nikamwambia mwenyewe yuko kaburini. Akanipa pole, kisha akarudia yaleyale. Nilikata simu kwa hasira, na nusu ya hasira hiyo ilikuwa juu yangu.

Nikamweleza mzee ukweli wote.

“Nisamehe, baba. Mimi ndiye niliyeifuta.”

“Ni mimi niliyekutuma,” alisema. Akanyoosha mkono, nikampa kimashine, akakirudisha kwenye mfuko wa shati na kukifungia kifungo.

“Ida, wewe unajua inavyoisha?”

“Sijui, baba. Sikuwahi kuisikiliza.”

“Alitaka kuniambia,” alisema. “Nikamwambia anyamaze.”