Jina la Bibi Harusi Ndani ya Kiolezo

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kiti kibovu na onyo. Matbaa yetu ilikuwa Bondeni, orofa ya juu ya duka la vitambaa, na kazi niliyoajiriwa kuifanya ni kupanga herufi za kadi za harusi. Meneja, Mtaita mpole asiyependa makelele, aliniambia, "Mwanaisha, kadi ikikosewa watu hawairudishi kadi. Huacha kurudi wao." Nikacheka. Yeye hakucheka.

Nilipanga kadi hizo miaka mingi, hata vidole vyangu vikaijua ada bila mimi kufikiri. Kwa wengi wa watu wetu, kadi hutaja jina la bwana harusi, la baba yake, na la baba wa bibi harusi. Bibi harusi mwenyewe huandikwa "binti yake", basi. Jina lake ni la kusitiriwa, halitangazwi. Nyumba chache zilitaka litajwe, na hizo zilisema mapema.

Kisha tovuti zikaja. Mimi, mtu mzima mwenye watoto, nikapelekwa kozi na kurudi na cheo cha mtengenezaji wa tovuti. Chekeni mnaosoma, lakini nilikipenda cheo kile kama nguo mpya ya Idi. Sasa kadi zilifunguliwa kwenye simu. Kila harusi tuliifanya objekti, yaani kifurushi ndani ya programu kinachobeba habari zote za harusi ile, pamoja na kazi ndogo kinazojua kuzifanya. Maua na maneno ya kukaribisha yalikaa kwenye kiolezo, ukurasa ulioachwa mapengo. Kwenye kila pengo unaandika unachotaka objekti ijibu, na mashine hujaza. Kiolezo kimoja kikatosha harusi zote.

Uvivu ndio ulioniponza. Badala ya kuomba jina moja moja, nilikiamuru kiolezo kichape kila jina lililomo kwenye objekti. Na jina la bibi harusi lilikuwemo, kwa sababu fomu yetu ya ofisini iliuliza. Vidole vyangu viliijua ada, kiolezo hakikuijua.

Kadi ya kwanza ilitoka asubuhi. Kabla ya adhuhuri, baba wa bibi harusi, mzee wa Mji wa Kale mwenye kanzu iliyopigwa pasi ikanyooka, alikuwa mbele ya meza yangu.

"Asalaam aleikum, mwanangu."

"Waaleikum salaam, mzee wangu. Karibu."

"Jina la binti yangu lasomwa na kila mwenye simu. Nani alokupa ruhusa?"

Meneja alinivuta kando. "Rekebisha sasa hivi. Mzee huyu akituacha, mtaa mzima utamfuata, nami sitaweza kukubakisha hapa." Nilikuwa na watoto wa kusomesha.

Dawa ilikuwa hii, na ndiyo niliyowafundisha wote walionifuata: kiolezo kisipekue tumbo la objekti. Kiulize tu, "Bibi harusi atajwe vipi?" nayo objekti ijibu yenyewe. Niliiandikia objekti kazi ndogo ya kujibu hivyo, jibu likawa "binti yake", na kila aliyeifungua kadi tena akakuta maneno hayo. Mzee alishukuru, akaletewa kahawa.

Kahawa haijapoa, bibi harusi mwenyewe akaingia, pumzi juu juu kwa kupanda ngazi. Alimwamkia babake, akanigeukia.

"Bi Mwanaisha, nani alofuta jina langu? Wenzangu walikwishaliona, wanipigia simu kwa furaha. Sasa limekwenda wapi?"

"Nimelifuta mimi, mwanangu. Baba yako ndiye alotaka."

Akamgeukia mzee. "Baba, jina hili si wewe ulonipa? Mbona leo waona haya kulisoma?"

Nilidhani atafoka. Akaweka kikombe chini, nikaona macho yamemlowa.

"La mamangu hilo," akasema. "Tangu afe sijaliona likiandikwa popote." Kisha akaniambia, "Liandike, mwanangu. Liandike kubwa."

Niliwapenda wote wawili siku ile. Jioni yake niliongeza kwenye fomu swali la bibi harusi atajwe vipi, na sikukubali lijibiwe na baba, mjomba wala bwana harusi. Nilimpigia simu kila bibi harusi nikamuuliza mwenyewe. Wengi walisema, "Niandike binti yake tu, Bi Mwanaisha," nami nikaandika hivyo kwa moyo mweupe.

Nimestaafu mwaka huu. Nikipanga vitu vyangu siku ya mwisho, niliikuta kadi ya harusi yangu, niliyoipanga kwa mikono yangu katika matbaa ileile. Limo jina la mume wangu, la baba yake, na la baba yangu. Langu halimo. Wala hakuna aliyenikataza kuliandika. Kwa miaka yote ile nimewauliza mabibi harusi wa watu, na mimi mwenyewe sikuwahi kujiuliza.