Kava la Belti na Beseni la Mama

Enzi zetu pale Keko kitu kikivunjika hakuna aliyekimbilia dukani, maana dukani kwenyewe hakukuwa na kitu. Kandambili ikikatika unapitisha msumari chini, unatembea. Ndoo ikitoboka inazibwa. Mpira wa chandimu tulifunga wenyewe kwa soksi na mifuko ya nailoni, na wasichana tukicheza rede tulirushiana huohuo, ukikupata mgongoni unausikia mpaka kesho. Shuleni tulikwenda na fagio mkono huu na kidumu cha maji mkono huu, nywele zimejaa unga wa mbao, maana mtaa mzima ulikuwa wa maseremala na unga ule ulituingia hadi kwenye uji. Leo mjukuu wangu chaja ikilegea kidogo tu anasema imekufa, na ananuna utadhani kafiwa. Mwambie aishike vizuri, aigeuze, aangalie waya umekatikia wapi. Anakutazama tu.

Baba yangu alikuwa mmoja wa maseremala hao, akitengeneza vitanda na makabati kando ya barabara. Mungu amrehemu, alikuwa na mikono. Redio ya jirani, cherehani ya shangazi, kitasa cha msikitini, vyote vilipitia kwake. "Leteni hapa nikione," ndilo lilikuwa neno lake, na akishalisema ujue kitu kimepona. Alikuwa na pikapu yake ya kupelekea watu vitanda, Magomeni huko, Kinondoni, na sie watoto tukipanda nyuma tunashikilia miguu ya makabati tukajiona mawaziri.

Mama yeye alikuwa anapika maandazi. Kabla hatujaamka keshakanda unga kwenye beseni lake kubwa la kijani, alilolinunua kwa zamu yake ya upatu, na beseni la ukubwa ule miaka hiyo hukulipata hivihivi, labda umjue mtu. Nyumba ilikuwa inanukia iliki. Maseremala wote wa mtaa ule walikunywa chai ya rangi na maandazi ya mama, na yale yaliyotoka yamepinda yalikuwa yetu. Tulikuwa tunaomba Mungu yapinde mengi.

Basi siku moja jani la feni ya injini ya pikapu likakatika, likaruka, likalipiga kava la plastiki linalofunika taiming belti. Kwa msiojua magari, hiyo ni ile belti yenye meno inayofanya sehemu za injini zizunguke kwa kufuatana, na kava kazi yake ni kuikinga na mchanga, mafuta na matambara. Belti ikiruka meno, injini inaweza kufa hapohapo. Na Keko ilikuwa vumbi la mbao asubuhi mpaka jioni. Kava lilikuwa limebaki na tundu la kuingiza ngumi, na la kununua hakuna, mjini kote baba alizunguka akarudi mikono mitupu.

Siku hiyo mama alikuwa kaenda msibani Temeke. Baba alisimama uani akiangaza huku na huku, akaliona beseni limeegemezwa ukutani kwenye jua. Akalichukua. Alilikata na msumeno mdogo pale ubavuni, kwa sababu palikuwa pamejikunja vilevile kama kava lenyewe. Akalisugua kwa msasa, akatoboa vitundu vidogo pembeni kwa keekee, akachuna waya wa umeme akatoa shaba ndani yake, akakishona kile kiraka kwenye kava kama mtu anayeshona gunia. Mafundo yote aliyaacha upande wa nje yasije yakagusa belti. Halafu akatia kisu kwenye jiko la mkaa, kikawa chekundu, akapitisha kwenye mshono plastiki ikayeyuka ikashikana. Harufu yake ninayo puani mpaka leo. Watu walijaa uani, mafundi magari wanaojiita mafundi magari wakaja kuangalia seremala anavyotibu injini. Mabaki ya beseni tulipewa sie, tukakata bangili na magurudumu ya vigari.

Mama alirudi akakuta watu wamesimama wanamsifu mumewe. Alilitazama kava, akatutazama na bangili zetu, akaingia ndani. Baadaye kidogo akatoka na birika, akawapa wageni chai. Nikajua naye kafurahi.

Pikapu ikatembea. Na hicho kisa, jamani, ndicho nilichokisimulia maisha yangu yote. Harusini nimekisimulia, kwenye vikao vya ukoo nimekisimulia, na siku ya arobaini ya baba nilikisimulia watu wakacheka huku wanafuta machozi. Maandazi yaliisha nyumbani wakati ule ule, lakini hilo sikulitia maanani, maana baba alianza kutuletea mkate wenye siagi asubuhi, na mtoto gani angelia kwa kupewa mkate wenye siagi?

Baba alipofariki pikapu niliichukua mie. Naishi Tegeta, nauza miche ya maua na miti ya kivuli kandokando ya barabara, na gari bovu lakini langu linanifaa kuliko la kukodi. Mama yuko kwangu, ndiyo hiyohiyo nampelekea kliniki. Juzijuzi taiming belti ilikuwa imechakaa, nikaipeleka pikapu kwa fundi kijana anaitwa Side, anakaa jirani na kwangu. Nilipoifuata nikafungua boneti. Belti mpya, inang'aa, iko wazi. Kava hakuna.

"Kava langu liko wapi?"

"Lile, mama, halina kazi," akasema, simu mkononi. "Na lina viraka. Belti ikikaa wazi inapata upepo."

Nilimjia juu. Nikamwambia upepo gani, upepo huu wa kiwanda cha Wazo, wenye saruji ndani yake? Malori yanapita hapa mchana kutwa yanatumwagia vumbi mpaka miche yangu inakuwa ya kijivu, halafu wewe unaniachia belti uchi? Nikamwambia nyie vijana mnafungua gari la mtu mnabakiza nati nusu kopo, mnasema hazina kazi. Aliyeziweka alikuwa mjinga? Hilo kava baba yangu kalishona kwa mkono wake, limeendesha nyumba yetu, na wewe hujazaliwa.

Side ni mtoto wa watu. Alikwenda kulitoa kwenye lundo la vyuma, akalifuta, akanipa kwa mikono miwili. Alisema mshono umelegea upande mmoja, nikitaka atalichoma upya. Nikamwambia nataka. Ila kwanza nilitaka mama alione, miaka mingi hakuwahi kuliona kwa kuwa linakaa ndani ya injini. Nilikwenda nyumbani moyo umenijaa. Nilijua atalia, na mie nilikuwa tayari kulia naye.

Nilimkuta barazani anachambua mchele. Nikaliweka juu ya mkeka.

"Unalikumbuka?"

Alikigusa kile kipande cha kijani kwa kidole kimoja. "Nitalisahau vipi," akasema. "Beseni langu hili."

"Baba alikuwa fundi, mama."

"Alikuwa fundi wa watu." Akaendelea kuchambua. "Hakuniuliza. Nilitoka msibani nikakuta unga wangu hauna pa kukandiwa, beseni wamevalishwa wanangu mikononi. Nikamwambia sawa, umetengeneza gari, ni letu sote, sasa nitafutie lingine. Akasema atatafuta. Nikangoja, namkumbusha, anasema atatafuta. Mwisho akaniambia, unahangaika na maandazi ya nini na mie nipo?"

Nilisema kwamba vitu vilikuwa adimu, kwamba labda kweli alikosa.

"Alikosa? Waya wa shaba alipata. Feni ya gari alipata. Yule alikuwa akitaka kitu anakitafuta mpaka anakipata, wewe si ndo unavyowasimulia watu?" Hapo alinyanyua uso. "Toka siku ile, hela ya sabuni naomba. Ya chumvi naomba. Mama yangu anaumwa Rufiji, nauli naomba, na siku hiyo baba yenu kaamka vibaya, naambiwa ngoja. Nikangoja. Nimefika wameshazika. Nyie mnakula mkate mnafurahi, na mie nilikuwa nawaangalia, nasema acha wafurahi."

Kumwambia kwamba tulikuwa watoto kungemweleza nini asichokijua? Niliona uchungu, na nilimkasirikia baba yangu marehemu kwa mara ya kwanza katika maisha yangu. Kisha nikamkasirikia mama kwa kunyamaza miaka yote ile, nikaona haya.

"Kalirudishe basi kwenye gari lako kama unalitaka," akasema. "Lakini mie kliniki nitatafuta usafiri mwingine."

Nilimpigia simu Side asichome kitu, anitafutie kava zima hata la gari lililochinjwa kwa spea. Alilipata, akaja kulifunga hapohapo nyumbani. Alimpa mama shikamoo, halafu akaliokota lile la zamani, akaligeuza kwenye mwanga, akawa anafuata mafundo yale kwa ukucha. Vijana hawa nawasema, lakini macho wanayo.

"Bibi, aliyeshona hapa alikuwa hatari."

"Chukua, baba, nenda nalo," mama akamjibu. "Na ufundi wake nenda nao."

Side akadhani anatania, akacheka, akaondoka nalo kwapani.

Tukabaki wawili. Nikawa naangalia barabarani, ambako siku hizi mabeseni yamepangwa njia nzima, mekundu, ya bluu, ya kijani, makubwa ya kuogea mtoto, mtu yuko kwenye foleni ya magari ananunua bila kushuka. Enzi zetu kitu kama hicho mwanamke alikuwa anakingojea zamu yake ya upatu. Nikamwambia, mama, nikakununulie beseni? Kubwa, kama lile. Watu wa hapa asubuhi wanatafuta maandazi, na wajukuu wapo, watakusaidia kuuza.

Alisukuma ungo pembeni, akaitazama mikono yake. Vidole vimepinda kwa ugonjwa wa viungo, vifungo vya gauni namfunga mie, na tonge siku nyingine linamshinda kushika.

"Mwanangu," akasema, "beseni nililitaka wakati ule."