Unga Ulioshikana

Kiwanda alichofanya kazi mume wangu kilitengeneza vikombe vya kaure vinavyoshikilia nyaya kwenye nguzo za umeme. Kilipofungwa, miaka ile mashirika ya umma yalipokuwa yakiuzwa, alirudi nyumbani kwetu Temeke na mfuko wa unga mweupe wa kaure. Msimamizi wake alimwambia achukue, maana hakuna aliyeuhitaji tena.

Mie nilikuwa mpishi wa familia moja ya wageni kule Msasani. Walipohama waliniachia maikrowevu. Nilitaka kumpashia chakula mama mkwe, aliyeishi nasi na kuugua miguu. Mume wangu akaniomba nimwachie kwanza.

Alinieleza kwamba kaure haiyeyushwi. Unga unagandamizwa, unapashwa moto mkali mpaka chembe zinaungana zinapogusana, vitundu vinajifunga, na kitu kizima kinasinyaa na kuwa kigumu. Tanuri la kiwandani lilichukua siku nzima, kwa kuwa joto lilitoka nje likaingia ndani taratibu. Mawimbi ya maikrowevu yangeupasha unga ndani kwa ndani, kwa muda mfupi. Alilisoma hilo kwenye jarida kiwandani, akawaambia wakubwa, wakamcheka.

Shida ni kwamba unga wake ukiwa baridi, mawimbi yaliupita tu. Akavunja mawe ya grainda, yale meusi ya kunolea vyuma, akayasaga, akayachekecha kwa chekeche yangu ya unga wa ngano, kisha akaupaka ule unga mweusi ndani ya kijisanduku cha matofali ya tanuri. Huo ndio ungeshika joto kwanza na kuupasha ule mweupe, mpaka nao uanze kuyapokea mawimbi wenyewe.

Vidonge vya mwanzo alivyovigandamiza kwa unga mweupe vilitoka laini, ukivikwangua kwa ukucha vinamomonyoka. Nikaona mume wangu anakonda.

Mchana mmoja umeme ulirudi baada ya mgao, naye akahofia utakatika tena. Akawasha moja kwa moja bila kupumzisha. Ndani ya kidonge joto likatangulia kuliko nje. Alipokuwa anakitoa kwa koleo kikapasuka, na kipande kikaangukia mkeka aliolalia mama yake, kikamuunguza mguu.

Nilikimbilia maji. Mume wangu alisimama na koleo mkononi, hawezi hata kuinama. Mama mkwe hakulia. Alimtazama mwanawe.

"Mwanangu, kiwanda kimekwisha," alisema. "Mbona wewe hukubali?"

Nilimwambia mume wangu alitoe dude lile nyumbani mwangu. Akalihamishia ukumbi wa nyuma. Tulikaa siku kadhaa tukisemezana mambo ya watoto tu. Nilikasirika, na nilivyomwona akimfunga mama yake kidonda kila asubuhi nilizidi kukasirika, maana nilishindwa hata kumchukia.

Hakuacha. Sasa aliwasha dakika chache, akazima, akangoja, akawasha tena. Siku moja aliniita. Kidonge kilikuwa kimesinyaa, cheupe, kizito kuliko nilivyodhani. Aliniambia nikikwaruze kwa kisu. Kisu ndicho kilichoacha mstari wa kijivu, kidonge hakikuchubuka. Alipokigonga kwa kijiko kililia kama kikombe kipya.

"Umeshikana," alisema kwa sauti ndogo. Nilimshika bega. Ndiyo mara ya kwanza kumgusa tangu siku ile.

Asubuhi yake alivaa shati lake la kazi, akakifunga kidonge kwenye leso, akaenda kuwaona wenye kiwanda wapya. Alirudi kabla ya adhuhuri. Nikamuuliza wamesemaje.

"Wamesema ni kazi nzuri."

Mengine aliyatoa kidogo kidogo, wiki nzima. Mashine zilikuwa zimeshauzwa kama vyuma chakavu. Jengo litakuwa ghala la vyombo kutoka nje. Meneja wao hakukifungua hata kile kitambaa. Alimsifu akiwa amesimama mlangoni.

Mwezi uliofuata alipata kibarua Mbweni, kutandika vigae kwenye nyumba mpya. Vigae vilikuja kwenye maboksi, vimeshachomwa mbali huko. Alivitandika vizuri, kila mtu alisema. Jioni akirudi nilikuwa nikimuuliza kazi imeendaje, naye alinijibu imekwenda salama, akaenda kunawa.